Dakika Kumi za Kila Asubuhi: Historia ya Zoezi Dogo la Maneno



Mhariri wa gazeti letu la mkutano wa mwaka huu aliniomba niandike jambo la historia. Kwanza nilifikiri kuandika habari za majengo, au za timu yetu ya kandanda. Lakini majengo yana kumbukumbu zake ofisini, na timu ya kandanda haijapata kukosa wa kuisifu. Nimeona bora niandike historia ya kitu kidogo sana, ambacho hakina jiwe la msingi wala picha ukutani. Nacho ni zoezi la dakika kumi.

Wenzangu wa mwishoni mwa miaka ya 1990 hawahitaji kukumbushwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akiingia darasani, anavua saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya meza, anaandika sentensi moja ubaoni, kisha anasema, "Dakika kumi." Jumatatu tulitakiwa kueleza mlio wa kengele yetu, kile kipande cha reli kilichoning'inia mwembeni, kwa mtu aliyezaliwa kiziwi. Jumanne tuliandika habari kwamba maharage yamekwisha ghalani, nayo iandikwe mara tatu: kwa Mkuu wa Shule, kwa mpishi, na kwa mdogo wako aliyeko nyumbani. Jumatano kisa cha sentensi kumi kifanywe cha sentensi tatu, pasipo kupoteza jambo. Alhamisi ubeti mmoja, vina amechagua yeye. Ijumaa mmoja wetu alisimama mbele ya darasa akawa wakili wa mbuzi aliyekula mahindi ya shamba la shule, akamtetea kwa dakika moja bila karatasi.

Zoezi hilo halikuwa na alama. Mwalimu alisoma madaftari mawili matatu kwa sauti, akauliza darasa, "Nani kati ya hawa ameeleweka?" Kisha akafuta ubao, tukaingia katika somo la siku. Tulimpachika jina la Dakika Kumi. Wengi wetu, na mimi nikiwa mstari wa mbele, tuliona kwamba anatupotezea wakati, maadam mtihani wa Taifa hauulizi habari za mbuzi.

Nilichelewa kumwelewa kwa miaka mingi, na kuchelewa huko kuliwagharimu watu wengine. Nitalieleza jambo hilo mbele. Kwanza natаka tutazame lilikotoka zoezi lenyewe, kwa sababu mwalimu wetu hakulibuni. Alilirithi, kama alivyorithi chaki.

VIBAO VYA NTA

Yapata miaka elfu mbili iliyopita, vijana waliosoma katika shule za Kigiriki na za Kirumi walizoezwa kusema na kuandika kwa kupanda ngazi ya mazoezi mafupi mafupi. Kitabu cha kale kuliko vyote vya namna hiyo vilivyotufikia huhesabiwa kuwa ni cha mwalimu aitwaye Aelius Theon, mtu wa Alexandria, katika nchi ya Misri. Mwingine, Aphthonius wa Antiokia, aliyeishi katika karne ya nne baada ya Kristo, aliyapanga mazoezi hayo yakawa 14, nao mpango wake ukatumika shuleni kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Mwanafunzi alianza kwa kusimulia upya hadithi fupi ya wanyama. Akaja kwenye kisa, kisha akaeleza maana ya neno la mwenye hekima. Baadaye alikanusha habari, na kuithibitisha. Alisifu, na kulaumu. Alilinganisha watu wawili. Alieleza kitu hata msikilizaji akakiona. Mwisho kabisa alitetea au kupinga sheria. Kati ya ngazi hizo ilikuwapo moja ya ajabu, ya kusema kwa kinywa cha mtu mwingine. Mfano alioutoa Aphthonius ni wa Niobe, yule mama wa katika hadithi za Kigiriki aliyefiwa na watoto wake wote. Kijana wa miaka kumi na minne aliyekaa kwenye benchi alitakiwa aseme kama mama mfiwa. Mbuzi wetu wa Ijumaa, basi, alikuwa na ukoo mrefu kuliko tulivyodhani.

Vijana hao waliandika juu ya vibao vilivyopakwa nta, wakichora herufi kwa kijiti chenye ncha, na wakikosea wanaisawazisha nta na kuanza upya. Wengine waliandika juu ya vigae na juu ya mafunjo, na mchanga mkavu wa Misri umetuhifadhia baadhi ya kazi hizo pamoja na makosa yake.

Mwalimu mashuhuri kuliko wote wa njia hiyo alikuwa Quintilian, mzaliwa wa Hispania aliyefundisha mjini Roma katika karne ya kwanza. Aliandika vitabu 12 juu ya malezi ya msemaji tangu utoto hadi uzee. Yeye alitaka mtoto aanze na hadithi ndogo, aiseme kwa maneno yake mwenyewe, aifupishe, kisha airefushe, bila kuharibu maana. Na kwa mtu mzima alishauri achukue jambo lile lile alitengeneze kwa namna nyingi, akalifananisha na bonge moja la nta linalofinyangwa likawa umbo hili, kisha likawa lile.

Hapa pana ugomvi mmoja ambao nimeupenda tangu nilipousoma katika maktaba ya Chuo Kikuu. Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 55 kabla ya Kristo, anamleta msemaji mkuu Crassus akisimulia mazoezi yake ya kila siku ya ujanani. Crassus alikuwa akisoma beti za mshairi au sehemu ya hotuba, kadiri kumbukumbu yake ilivyoweza kubeba, kisha anayasema mambo yale yale kwa maneno mengine. Baada ya muda akaona zoezi hilo lina hasara. Maneno yaliyo bora yalikwisha kutumiwa na mwenyewe mtunzi. Akiyarudia hapati faida, na akitafuta mengine anajizoeza kutumia yaliyo duni. Akaacha, akaanza kuchukua hotuba za Kigiriki na kuzitia katika Kilatini, na huko akajikuta analazimika kutafuta maneno mazuri ya lugha yake, na pengine kubuni mapya.

Quintilian, zaidi ya miaka mia moja baadaye, hakukubali. Kwa maoni yake usemi si maskini kiasi kwamba jambo moja liweze kusemwa vizuri mara moja tu. Njia ziko nyingi za kufika pale pale.

Mimi nadhani wote wawili walikuwa na haki, na sisi tuna bahati ya kuweza kufuata ushauri wa kila mmoja. Kijana wa shule hii huja na lugha ya mama yake, akakuta Kiswahili, kisha akafundishwa kwa Kiingereza. Aghalabu tunalalamikia jambo hilo kama mzigo. Crassus angeliona kuwa ni mali, kwa maana alilazimika kujifunza Kigiriki ili apate zoezi ambalo sisi tunalipata kwa kuvuka uwanja kutoka darasani hadi bwenini.

Hata hivyo, tusiwasifu Warumi kupita kiasi. Baadaye mazoezi yao yaligeuka mchezo. Tacitus, mwanahistoria, alilalamika kwamba vijana wanashughulishwa na visa visivyohusiana hata kidogo na mambo ya mahakamani na ya umma. Petronius aliwacheka wanafunzi waliohutubia juu ya maharamia wenye minyororo, ambao hakuna aliyewaona. Maana ya lawama hizo ni nzito: zoezi likikatwa na maisha huzaa maneno matupu, na mwenye maneno matupu ni hatari kuliko bubu.

Njia hiyo haikufa pamoja na dola ya Roma. Mwaka 1512 Erasmus wa Rotterdam alichapisha kitabu cha kuwafunza vijana wingi wa maneno, akakitoa kwa ajili ya shule ya St Paul's ya London iliyoanzishwa na rafiki yake John Colet. Humo alichukua sentensi moja nyepesi ya kumwambia mtu kwamba barua yake imemfurahisha sana, akaigeuza kwa namna zaidi ya mia moja. Nyingine ni za fahari, nyingine za mzaha, nyingine hakuna mtu angeziandika kweli. Lakini aliyewahi kuketi mbele ya karatasi tupu akitafuta namna ya pili ya kusema jambo, atajua kwa nini mzee huyo alijisumbua.

KIJANA WA KIWANDA CHA CHAPA

Sasa nawaomba wadogo zetu wasikilize kwa makini, kwa sababu ninayemtaja hakuwa na mwalimu.

Benjamin Franklin alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1706. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa mishumaa na sabuni, mwenye watoto wengi. Kijana alisoma shule kama miaka miwili tu, akatolewa kwa kukosa uwezo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alitiwa mkataba wa kujifunza kazi katika kiwanda cha chapa cha kaka yake, James.

Siku moja baba yake alizikuta barua alizokuwa akibishana na rafiki yake mmoja. Mzee huyo hakuingia katika ubishi wenyewe. Alimwambia mwanawe kwamba katika tahajia na vituo amemshinda mwenzake, kwa kuwa alijifunza kiwandani; lakini katika uzuri wa usemi, mpango na uwazi amepitwa mbali, akamwonyesha mahali hasa. Kijana hakukasirika. Anasema katika kitabu cha maisha yake, alichoanza kukiandika mwaka 1771, kwamba aliona lawama hiyo ni ya haki, akaazimia kujirekebisha.

Aliangukia kwa bahati juzuu moja ya Spectator, gazeti lililotolewa London na Addison na Steele tangu mwaka 1711. Akavutiwa na uandishi wake. Basi alifanya hivi. Alichukua makala moja, akaandika dokezo fupi la wazo la kila sentensi, akaliweka kando siku chache. Kisha, pasipo kutazama kitabu, akajaribu kuijenga makala upya kwa maneno yake. Alipomaliza alilinganisha kazi yake na asili, akayaona makosa yake, akayasahihisha.

Aligundua kwamba akiba yake ya maneno ni ndogo. Akafikiri kwamba kama angeendelea kutunga mashairi, mizani na vina vingemlazimisha kutafuta maneno yenye maana moja lakini urefu na sauti tofauti. Kwa hiyo akazichukua hadithi akazifanya mashairi. Na baada ya muda, alipokwisha kuzisahau, akayarudisha mashairi yale kuwa nathari. Tena, pengine aliyachanganya madokezo yake ovyo, na baada ya wiki kadhaa akajaribu kuyapanga vizuri, ili ajifunze utaratibu wa fikra. Mara moja moja, anasema, alipata furaha ya kudhani kwamba katika vijambo vidogo amemshinda mwenyewe mwandishi.

Yote hayo aliyafanya usiku baada ya kazi, au alfajiri kabla ya kazi kuanza, au siku ya Jumapili. Tazameni sasa matunda yake. Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, alitaka kuandika katika gazeti la kaka yake, akajua kwamba kaka hatakubali kuchapa maandishi ya mdogo wake. Akaandika kwa jina la bandia la mama mmoja mjane, Silence Dogood, akaupenyeza waraka wake usiku chini ya mlango wa kiwanda. Watu wa gazeti wakausoma, wakausifu, wakaanza kubashiri ni mwungwana gani mwenye elimu aliyeuandika. Nyaraka hizo zilifika 14. Kijana asiyeota ndevu alisema kwa kinywa cha mjane, na mji ukamwamini. Zoezi la Niobe, ambalo labda hakulisikia kamwe, alilipata kwa njia yake mwenyewe.

Baadaye mtu huyo aliandika juu ya umeme kwa wataalamu, na almanaka kwa wakulima. Alikuwa mmoja wa kamati ya watu watano waliopewa kazi ya kuandaa Tangazo la Uhuru la mwaka 1776. Na alikuwa mmoja wa wajumbe waliotia sahihi mkataba wa amani na Uingereza mjini Paris mwaka 1783. Sisemi kwamba madokezo ya usiku ndiyo yaliyoleta yote hayo. Nasema kwamba mtu aliyezoea kuligeuza jambo moja kwa namna tano hababaiki akikutana na mtu wa sita.

KWETU PWANI NA BARA

Mtu asije akadhani kwamba zoezi hili ni mali ya Ulaya na Marekani. Nani kati yetu hakukaa jioni mbele ya bibi yake, akasikia "Kitendawili!", akajibu "Tega!"? Nyumba isiyo na mlango ikawa yai. Mtoto aliyeshindwa alitoa mji, akapewa jawabu, akarudi kesho yake na kitendawili chake. Hilo nalo ni zoezi fupi la kila siku: kukitazama kitu unachokijua kwa jicho lisilokijua, kisha kukisema kwa maneno machache. Hakuna aliyeliita somo.

Kisha tazameni ushairi wetu. Shairi tulilolizoea lina mishororo minne kila ubeti, kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho. Mtu hawezi kuingiza humo neno la kwanza linalomjia. Analo wazo, nalo halitoshi. Anatafuta neno fupi zaidi, halina kina. Anaugeuza mshororo mzima, mara linaingia, na mara nyingi limekuwa bora kuliko alivyokusudia. Franklin alitafuta kazi hiyo kwa makusudi. Washairi wa pwani waliikuta nyumbani.

Nao hawakutunga kwa kujifungia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya mapenzi, njaa, vita na siasa za mji wake, akajibizana na washairi wa upande wa wapinzani. Aliyeshambuliwa kwa shairi alitakiwa ajibu kwa shairi, na mji ukahukumu. Desturi hiyo ya malumbano iliingia magazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji kutoka kila upande wa Tanganyika: makarani, walimu, watu wa kawaida. Huyu anauliza, yule anajibu, wa tatu anawasuluhisha.

Mmoja wa waliochapwa humo alikuwa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa Serikali, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika forodha. Mtumishi huyo alitunga mashairi na tenzi, akaandika insha, riwaya, habari za maisha yake mwenyewe na wasifu wa Siti binti Saad. Kalamu iliyoshika hesabu za bandari mchana ndiyo iliyoandika Kusadikika. Sisi tuliomo katika utumishi, tunaodai kwamba kazi za ofisi hazituachii nafasi, tuna la kujibu mbele yake.

Na baada ya Uhuru alikuja Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, aliyeishi tangu mwaka 1917 hadi 1969, akaanzisha ngonjera. Katika ngonjera watu wawili au zaidi wanashindana kwa mashairi mpaka mmoja anakubali. Baba zetu wanakumbuka jinsi shule za miaka ya 1970 zilivyokuwa na ngonjera katika kila sherehe. Mtoto aliyepewa sehemu ya mvivu ilimpasa amtetee mvivu kwa nguvu zake zote, hata kama nyumbani hakuna aliyempita kwa bidii.

TANGAZO LANGU

Sasa nitimize ahadi yangu. Nilipomaliza Chuo Kikuu niliajiriwa katika ofisi moja ya Serikali mikoani. Sitaitaja, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Barabara ilikuwa ikipanuliwa, na wananchi wenye nyumba na mashamba kandokando yake walistahili kulipwa fidia. Ilitakiwa kila mmoja alete uthibitisho wa mali yake kabla ya tarehe fulani. Mkuu wangu wa kazi aliniagiza niandike tangazo, naye aliniamini, hakulipitia sana.

Niliandika kwa fahari ya kijana mwenye digrii. Nilisema kwamba wahusika wote walioainishwa katika zoezi la uthamini wanatakiwa kuwasilisha vielelezo vya umiliki kwa mujibu wa taratibu zilizopo, na kwamba kushindwa kutekeleza agizo hilo ndani ya muda uliobainishwa kutahesabiwa kuwa ni kuridhia. Likapigwa mhuri, likabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kila neno lilikuwa Kiswahili.

Siku ya mwisho ilipofika, makaratasi yaliyokuwa mezani yalikuwa machache mno. Tulikwenda kijijini kuuliza sababu. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu na minazi kadhaa, alinikaribisha mkeka, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tangazo tuliliona. Mjukuu wangu alinisomea mara mbili. Tukadhani ni mambo yenu ninyi kwa ninyi."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilijiuliza ni nani aliyenifundisha kuandika vile, na jibu lilikuwa kwamba hakuna. Niliyefundishwa na mtu aliyeweka saa mezani akaniamuru niandike habari ya maharage kwa mpishi na kwa mdogo wangu, nilikuwa nimelisahau zoezi lake siku nilipovaa tai.

Mkuu wangu alifanya juhudi, muda ukaongezwa. Nilikaa nikaandika habari ile ile mara nne. La kwanza lilikuwa la ubaoni, la sentensi tano: Barabara itapita hapa. Nyumba na miti itakayoguswa italipwa. Njoo na karatasi yoyote inayoonyesha kuwa ni mali yako. Kama huna karatasi, njoo na jirani anayekufahamu. Mwisho ni siku hii. La pili lilikuwa la kusemwa na Mwenyekiti mkutanoni, lenye nafasi ya watu kuuliza. La tatu lilikuwa fupi, la kusomwa msikitini na kanisani. La nne waliandikishwa watoto shuleni wakawapelekee wazazi. Watu walikuja, na wengi walikuja na jirani. Lakini baadhi walikuwa wamekwisha kuhamia mashamba ya mbali kwa msimu, hawakulisikia tangazo la pili, na mashauri yao yalichukua muda mrefu sana kumalizika. Hao siwasahau. Walikosa haki yao kwa wakati wake kwa sababu mimi nilijua namna moja tu ya kusema.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya swali la mwalimu wetu: nani ameeleweka? Hakuuliza nani ameandika vizuri.

KWA NINI KIDOGO NA KILA SIKU

Tukiwapanga wote tuliowataja, Theon na Quintilian, Franklin, bibi na kitendawili chake, washairi wa Mambo Leo na Dakika Kumi wetu, tutaona mambo yanayowaunganisha. Kazi ni fupi, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuiahirisha. Ina mpaka wake, wa muda au wa mizani au wa idadi ya sentensi, na mpaka humfukuza mtu kutoka katika njia aliyoizoea. Msemaji na msikilizaji hubadilika, ili ulimi usiganda mahali pamoja. Na mwisho kuna kulinganisha: Franklin na kitabu chake, mshairi na mpinzani wake, sisi na darasa letu. Likikosekana hilo la mwisho, mtu atarudia makosa yake kila siku na kuyaita mazoezi.

Faida yake haionekani kwa wiki moja. Ni kama maji ya mtungi: haba na haba. Aliyefanya dakika kumi kwa siku za shule za mwaka mmoja ameligeuza neno mara nyingi kuliko aliyeandika insha ndefu moja kila mwezi, naye hakuchoka.

Basi wadogo zetu, msingoje mpewe. Chukueni daftari la kurasa arobaini. Leo ichukueni habari moja ya gazetini, mwandike madokezo, mlifunge daftari. Keshokutwa mwijenge upya. Kesho mwelezeni bibi, katika lugha yake, somo la fizikia la juzi. Siku nyingine mteteeni mtu msiyekubaliana naye, kwa haki, kama ngonjera. Kisha mpeni mwenzako asome, na mwulize swali lile lile.

Nasi tuliokwisha kutoka, wenye madaraka makubwa na madogo, kila barua inayotutoka ni zoezi la siku hiyo, na anayesahihisha ni mwananchi. Ninapendekeza kwa Kamati yetu kwamba, kati ya misaada tunayoichangia shule mwaka huu, tununue madaftari ya kutosha kwa darasa moja la Kidato cha Kwanza kwa ajili ya dakika kumi za kila asubuhi, tuone itakuwaje. Gharama yake haifikii bei ya jezi za timu.

Mwalimu wetu amestaafu siku nyingi. Mwaka jana nilimtembelea, nikamsimulia habari ya tangazo langu tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza kimya, kisha akatazama saa yake ya mkononi, akacheka. "Umetumia robo saa," akasema. "Hebu nisimulie tena kwa dakika tano."